Asiyekubali Kushindwa si Mshindani: Ziwa Tanganyika na Michezo ya Brazzaville

Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii hutumiwa sana kumtuliza mtoto aliyeanguka katika mbio, au mtu mzima aliyepoteza kesi, na kwa matumizi hayo imekuwa kama kitambaa cha kufutia machozi tu. Lakini ndani yake mna fikira kubwa kuliko hiyo. Yasema kwamba mashindano hayafanywi na mshindi peke yake. Yafanywa na yule aliyekubali, kabla ya kuanza, kwamba yawezekana akashindwa na bado akabaki mtu. Mahali ambapo aliyeshindwa hana nafasi ya kubaki mtu, hapo hapana mashindano. Pana vita, au pana mawindo. Historia ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, pamoja na ya mto upokeao maji yake, yaweza kupimwa kwa kipimo hiki. Na wakati ufaao kuanza kupima ni mwezi wa Julai mwaka 1965, ambapo michezo ya kwanza ya Afrika nzima ilifanyika katika mji wa Brazzaville.

Mtu atazamaye ramani kwa haraka aweza kudhani kwamba Kigoma na Brazzaville hazihusiani kwa lolote. Kigoma ni bandari ya mashariki ya ziwa, mwisho wa reli iliyoanzia Dar es Salaam na kufika huko mwaka 1914. Brazzaville iko magharibi ya bara, karibu na bahari nyingine. Lakini maji yameziunganisha. Swali la mahali yatokeapo maji ya ziwa hili liliwasumbua wasafiri wa Ulaya kwa miaka mingi. Burton na Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858, wakaondoka bila jibu. Mwishoni mwa mwaka 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji kwenda kaskazini, wakakuta kwamba mto Rusizi waingia ziwani, hautoki. Mwaka 1874 Cameron aliuona mlango wenyewe katika ukingo wa magharibi, nao ni mto Lukuga, utokao ziwani penye mji uitwao leo Kalemie. Lukuga huingia katika Lualaba. Lualaba hupita Nyangwe, hushuka maporomoko yaliyo karibu na Kisangani, hupata jina la Kongo, na baada ya safari ndefu hutanuka mbele ya Brazzaville. Basi sehemu ya maji yaguswayo na makasia ya wavuvi wa Ujiji ni maji yapitayo kando ya uwanja wa Brazzaville.

Kabla ya reli, watu wa nchi hii walijulikana kwa miguu yao. Njia kubwa ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Tabora, ikakoma Ujiji baada ya kilomita 1,200 hivi. Vitambaa, shanga na nyaya za shaba zilipanda kwenda bara. Pembe za ndovu zilishuka kwenda pwani. Na vyote vilikwenda juu ya mabega. Mzigo wa pagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na chungu chake, mkeka wake na silaha yake. Wapagazi wengi wa njia hii walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na miongoni mwao Wanyamwezi walikuwa na sifa kuliko wote. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, aliyevaa mapambo yake na kuchukua bendera, wala mtu hakuruhusiwa kumpita. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Hiyo ilikuwa kazi, lakini ilikuwa pia jambo la fahari, na palipo na fahari ya miguu hapakosi mashindano.

Burton ameandika habari za desturi moja ya njia hiyo inayostahili kukumbukwa na kila aandikaye historia ya michezo katika Afrika ya Mashariki. Misafara miwili ilipokutana mahali pembamba, swali lilikuwa moja tu, nani ampishe mwenziwe. Virangozi wawili walijitokeza, wakatazamana kwa ubavu, wakanyemeleana kwa madaha, kisha wakarukiana na kugongana vichwa kama kondoo dume. Watu wao walifuata mfano huo, wakasukumana kwa makelele, hata mgeni akadhani kwamba damu itamwagika. Lakini kama hapakuwa na kisasi cha zamani, mambo yaliishia katika kicheko. Upande ulioelemewa ulitoa zawadi ndogo, ukakaa kando ya njia, na upande wa pili ukapita. Hapo mna sehemu zote za mchezo wa haki: sababu ya kushindana, namna inayojulikana na pande zote, mwisho unaoonekana, na malipo madogo kwa aliyeshindwa. Aliyekaa kando aliuchukua tena mzigo wake akaendelea na safari. Hakuna kilichopungua kwake ila nafasi ya kutangulia.

Njia hiyo hiyo, hata hivyo, ilijua pia jambo lililo kinyume kabisa. Ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Manyema, biashara ya pembe ilikwenda pamoja na uwindaji wa watu. Nyangwe, penye ukingo wa Lualaba, palikuwa na soko kubwa lililojaa wanawake waliokuja na samaki, vyungu na vyakula. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara waliokuwa na bunduki waliwapiga risasi wale waliokuja sokoni. Mamia wakafa, wengine kwa risasi na wengine kwa maji walipokimbilia mtoni. Livingstone alikuwapo, akaona, na alirudi Ujiji akiwa mgonjwa wa mwili na wa moyo. Siku hiyo palikuwa na wenye nguvu na wasio na nguvu, palikuwa na waliobaki na walioangamia. Lakini hapakuwa na mashindano, kwa kuwa hapakuwa na namna ambayo aliyeelemewa angeweza kukaa kando ya njia na baadaye kuendelea na safari yake. Na Lualaba iliyowachukua wale wanawake ndiyo Kongo ipitayo Brazzaville.

Ukoloni ulileta amri mpya juu ya miguu ile ile. Katika vita vya kwanza vya dunia wapagazi walichukuliwa kwa maelfu kuyabebea majeshi chakula na risasi, na ziwa lenyewe likawa uwanja wa vita vya meli za Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani. Meli ya Kijerumani iliyounganishwa Kigoma, Graf von Götzen, ilizamishwa na wenyewe mwezi wa Julai 1916 ili isitekwe; baadaye iliinuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Katika miaka hiyo hiyo wazo la michezo ya bara la Afrika lilikuwa limekwisha kutajwa huko Ulaya. Michezo ilikusudiwa kufanyika Algiers mwaka 1925, haikufanyika. Ikakusudiwa tena Alexandria mwaka 1929, nayo ikavunjwa ilipokaribia. Watawala hawakupenda kuwaona watu wa makoloni mbalimbali wamekusanyika katika uwanja mmoja, kila mmoja akijipima na mwenziwe. Yaelekea waliifahamu vema maana ya uwanja. Mtu aliyekwisha kushindana kwa haki na jirani yake huanza kuuliza ni kwa haki gani anatawaliwa.

Mlango ulifunguka pole pole. Nchi zilizotawaliwa na Ufaransa zilikutana katika Michezo ya Urafiki huko Tananarive mwaka 1960, Abidjan mwaka 1961 na Dakar mwaka 1963. Kutoka hapo pakazaliwa shauri la michezo ya nchi zote zilizo huru, na Brazzaville ikapewa heshima ya kuwa mwenyeji wa kwanza. Michezo ilifanyika tangu tarehe 18 hadi 25 Julai 1965, katika uwanja mpya, nao waliohudhuria walikuwa wachezaji wapatao 2,500 kutoka nchi 30 hivi. Afrika ya Kusini haikukaribishwa, kwa kuwa serikali yake ya wakati huo ilikuwa imekataa kanuni ya kwanza ya mashindano, nayo ni kwamba wote wasimame katika mstari mmoja.

Yafaa kukumbuka Kigoma ilikuwa katika hali gani mwezi huo. Mwaka uliotangulia, Albertville, yaani Kalemie ya leo, ilikuwa imetekwa na wapiganaji wa Simba na kisha kutekwa tena na majeshi ya serikali. Wakimbizi walivuka ziwa kwa mitumbwi. Silaha zilizokusudiwa kwa waasi wa mashariki ya Kongo zilipita Kigoma. Mwezi wa Aprili 1965 Che Guevara na wenzake wa kwanza kutoka Kuba walivuka usiku kutoka Kigoma hadi Kibamba. Tarehe 29 Juni wao pamoja na wapiganaji wa Kirwanda waliishambulia ngome iliyo mahali paitwapo Bendera, wakashindwa, na wengine wao wakafa. Hazikupita wiki tatu, bendera za nchi thelathini zikapandishwa Brazzaville. Mwezi wa Novemba Che akarudi Kigoma, naye ameandika wazi kwamba safari ile ilikuwa ni kushindwa. Maji ya mto mmoja, basi, yalibeba katika majira yale yale vita upande wa juu na michezo upande wa chini. Hapana haja ya kudai kwamba michezo ilizima vita; haikuzima. La maana ni kwamba watu wa bara moja walionyesha kwa siku nane kwamba wanajua namna nyingine ya kupambana.

Katika riadha mambo makubwa yalionekana. Kipchoge Keino wa Kenya, askari wa polisi, alishinda mbio za mita 1,500 na za mita 5,000. Wilson Kiprugut, mwenziwe wa Kenya na askari wa jeshi, aliyekuwa amepata medali ya shaba huko Tokyo mwaka 1964, alishinda mita 400 na mita 800. Gaoussou Koné wa Ivory Coast alishinda mita 100 na mita 200. Kabla ya mwezi wa Agosti kwisha, Keino alikuwa ameivunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 huko Helsingborg, na watu wa Ulaya wakatambua kwamba yale yaliyotendeka Brazzaville hayakuwa mchezo wa watoto. Kwa wasomaji wa Tanzania, walakini, tukio lenye mafunzo zaidi ni dogo kuliko hayo. Theresia Dismas, katika mashindano ya kurusha mkuki kwa wanawake, alipata medali ya fedha. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kuleta medali kutoka mashindano ya kimataifa.

Fedha ni medali ya aliyeshindwa. Hii ni kweli ambayo watu huificha kwa adabu, lakini haina aibu yo yote. Mkuki ni silaha ya kale ya bara hili, na mwaka ule kando ya ziwa watu walikuwa wakiuawa kwa silaha za kila namna. Brazzaville mkuki ulirushwa mahali palipoachwa wazi makusudi, ukapimwa kwa utepe, na kipimo kikaandikwa. Mwanamke mmoja alirusha mbali zaidi ya Theresia Dismas. Yeye akarusha mbali kuliko waliobaki. Wote wakarudi makwao. Nchi iliyokuwa na umri wa miaka michache tu ilijifunza kwamba yaweza kushindwa na mtu mmoja na bado ikaheshimiwa. Wale wanawake wa soko la Nyangwe hawakupewa kipimo cho chote, wala daftari la kuandikiwa majina yao.

Yawezekana mtu akapinga kwamba hayo ni maneno mazuri tu, na kwamba michezo nayo imejaa siasa, majivuno na udanganyifu. Pingamizi hilo lina ukweli. Michezo ya pili ilipangwa kufanyika Bamako mwaka 1969, ikavunjwa kwa sababu ya mapinduzi ya kijeshi ya Mali ya mwezi wa Novemba 1968. Ilifanyika Lagos mwezi wa Januari 1973, miaka mitatu tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Nigeria. Na nchi nyingi zimetumia viwanja kufunika njaa na magereza. Lakini jambo likitumiwa vibaya halithibitiki kuwa ovu. Huthibitika tu kwamba lina nguvu. Tena mambo yaliyotendeka ndani ya mistari ya uwanja hayakutii siku zote matakwa ya waliokaa jukwaani.

Ushahidi ni Lagos yenyewe. Keino alikuja akiwa amekwisha kuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 huko Mexico 1968, mtu ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuwa methali. Filbert Bayi wa Tanzania, kijana wa miaka 19 kutoka upande wa Karatu, alimshinda kwa muda wa dakika 3 na sekunde 37.2. Keino hakupungukiwa na lo lote kwa kushindwa. Kinyume chake, ushindi wa Bayi ulipata uzito kwa sababu aliyeshindwa alikuwa Keino. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, Bayi alitangulia tangu mwanzo hata mwisho akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Nyuma yake John Walker wa New Zealand naye akaivuka rekodi ya zamani. Huyo alishindwa akiwa amekimbia kwa kasi kuliko mtu ye yote aliyepata kukimbia kabla ya siku hiyo, isipokuwa mmoja aliyekuwa mbele yake. Hakuna mfano ulio wazi zaidi wa kuonyesha kwamba mshindi hutengenezwa na anayemfuata. Na Watanzania wamhifadhi pia John Stephen Akhwari, ambaye huko Mexico mwaka 1968 alianguka na kuumia goti katika mbio ndefu, akafika wa 57, wa mwisho wa wote waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Watu wengi duniani wamjuao Akhwari hawamjui Wolde.

Pwani ya ziwa yenyewe ilipata zamu yake kwa njia ya jirani. Kaskazini ya Kigoma, ng'ambo ya mpaka wa Burundi, nchi yapanda kutoka ziwani kwenda milimani, na lugha ya watu wake na Kiha cha Kasulu ni ndugu wa karibu. Katika mkoa ulioitwa Makamba ndiko alikozaliwa Vénuste Niyongabo. Mwaka 1996, Burundi ikiwa katika vita tangu mwaka 1993, na maelfu ya watu wake wakiwa wakimbizi katika wilaya za Kigoma, nchi hiyo ilipeleka wachezaji katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Atlanta. Niyongabo alitazamiwa kushinda mita 1,500. Lakini Dieudonné Kwizera, mkimbiaji mkubwa wa zamani, alikuwa amekosa Olimpiki za mwaka 1988 na 1992 kwa kuwa Burundi haikuwa na kamati iliyotambuliwa. Niyongabo akampa Kwizera nafasi yake ya mita 1,500, naye akaenda katika mita 5,000, mbio ambazo alikuwa hajazizoea. Kwizera alitolewa mapema. Niyongabo alipata medali ya dhahabu, ya kwanza katika historia ya nchi yake, kwa dakika 13 na sekunde 7.96.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mshindi mwenye moyo mwema. Yafaa isimuliwe pia kwa upande wa pili. Kwizera hakutaka ushindi. Alikuwa amekwisha kupita umri wa kuutumainia. Alichotaka ni haki ya kushindwa katika uwanja unaostahili, jina lake likiwa limeandikwa. Haki hiyo ndiyo iliyokosekana kwa miaka minane, na mwenzake alipompa, alimpa kitu kikubwa. Katika majira ambayo Warundi walikuwa wakiuana kwa sababu kila upande uliamini kwamba kushindwa ni kuangamia, wanaume wawili wa nchi hiyo walitenda jambo kana kwamba kushindwa ni sehemu ya kawaida ya maisha ya watu.

Kigoma haijatoa bingwa wa mbio wa kulinganishwa na hao. Sifa ya riadha ya Tanzania imekaa zaidi katika nyanda za Mbulu, Karatu na Singida, na huko Kigoma mpira wa miguu umetawala mioyo ya vijana. Hata hivyo michezo ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari, huwachagua watoto kutoka shule hadi wilaya, kutoka wilaya hadi mkoa, na kutoka mkoa hadi taifa, na riadha ni mojawapo ya michezo yake. Katika kila ngazi wengi hushindwa na wachache huendelea. Mkoa huu umepokea watu waliokimbia Burundi na Kongo kwa vizazi kadha, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa tangu mwaka 1996. Wako watoto waliozaliwa humo ambao habari zote walizozisikia juu ya kushindwa ni habari za vifo. Kwao mstari wa chokaa uliochorwa ardhini, na mwalimu mwenye filimbi, si pambo la shule. Ni mahali ambapo mtoto aweza kufika wa sita, akapumua, akafuta vumbi miguuni, na kesho yake akasimama tena penye mstari ule ule.

Virangozi wa njia ya Ujiji walilijua jambo hili bila uwanja na bila saa ya kupimia. Walijua kwamba njia ni nyembamba, kwamba hapana budi mmoja apishe, na kwamba ni afadhali swali hilo likatwe kwa namna ambayo wote wawili wataamka na mizigo yao. Brazzaville mwaka 1965 ililitangaza shauri hilo hilo mbele ya bara zima. Heshima ya michezo ile haimo katika idadi ya medali zilizogawanywa, maana medali hugawanywa hata na majeshi. Imo katika wale wengi walioondoka mikono mitupu, wakapanda magari, meli na ndege, wakafika nyumbani salama, na wakaulizwa na jamaa zao habari za mbio.